Picha ya Ubongo na Sonona: Yanayoonekana kwa Wengi, Yasiyoonekana kwa Mmoja

Mgonjwa wa sonona akifikishwa hospitali kubwa, iwe Dar es Salaam au Nairobi, mara nyingi ndugu zake ndio wa kwanza kuuliza: kwa nini asipigwe picha ya kichwa tujue tatizo liko wapi? Ombi hilo lina mantiki yake. Mguu ukivunjika, eksirei inaonyesha. Mimba ikitunga, ultrasaundi inaonyesha. Sasa mtu aliyeacha kula, halali usiku, anasema haoni sababu ya kuishi, huyo naye si lazima kuna kitu kimeharibika kichwani? Ndugu wanachanga, kipimo cha MRI kinafanyika, na majibu yanarudi yakisema ubongo uko kawaida. Hapo ndipo mambo huharibika zaidi. Yuko atakayesema mgonjwa anajifanya, yuko atakayesema basi ugonjwa huu si wa hospitali, na mgonjwa mwenyewe anaanza kujishuku.

Wakati huohuo, kwa miaka karibu 30 sasa, majarida makubwa ya sayansi yamekuwa yakitangaza kwamba sonona hubadilisha ubongo: sehemu hii inasinyaa, ile inachemka kupita kiasi, nyuzi za mawasiliano zinalegea. Habari hizo huja na picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya buluu, na msomaji hujengeka imani kwamba daktari akiitazama picha kama ile ataijua sonona kama anavyoujua mfupa uliovunjika.

Kauli zote mbili ni za kweli, na hazigongani. Watafiti wanaona tofauti kwa sababu wanatazama mamia na maelfu ya watu kwa pamoja. Daktari haoni kitu kwa sababu mbele yake yuko mtu mmoja. Umbali uliopo kati ya wastani wa kundi na kichwa cha mtu mmoja ndio uliokwamisha fani nzima, na kila hatua ya maana iliyopigwa karibuni imetokana na mtu kulikubali jambo hilo.

Kabla ya kwenda mbali, jambo moja la kliniki. Yapo mazingira ambamo daktari wa akili ataagiza picha ya kichwa bila kusita: huzuni nzito inayomwanza mtu kwa mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuumwa kichwa kunakoambatana na kutapika, kuchanganyikiwa, tabia kubadilika ghafla, historia ya kuanguka na kuumia kichwa, au kinga ya mwili iliyoshuka sana kwa VVU. Uvimbe kwenye sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumfanya mtu apooze hisia akae kimya siku nzima, na damu iliyovilia chini ya fuvu baada ya mzee kujigonga inaweza kuonekana kama huzuni tu. Picha hapo inatafuta ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya sonona. Ikirudi safi, ni habari njema: hakuna uvimbe, hakuna kiharusi. Kuhusu sonona yenyewe, haijasema neno.

Sasa tuingie kwenye mashine. MRI ya kawaida hutumia sumaku kubwa, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, na inachosoma ni hidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Kwa kuwa tabaka la nje la ubongo na nyuzi zilizo chini yake havina kiasi sawa cha maji na mafuta, tunapata picha ya umbo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, mwanafizikia Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kupokonywa oksijeni haziitikii sumaku kwa namna moja. Kufikia 1992 mbinu hiyo ilikuwa imeshatumika kwa binadamu, na hivyo ikazaliwa MRI ya utendaji: sehemu ya ubongo ikifanya kazi, baada ya sekunde tano au sita damu mpya humiminika pale, na mashine huipata tofauti. Kipimo cha PET kina njia yake. Mtu huchomwa sindano ya sukari iliyotiwa chembe ya mionzi, kisha inaangaliwa ni wapi ubongo unaitumia kwa wingi.

Kwa hiyo mashine zinaona maji, damu na sukari. Huzuni hakuna mashine inayoiona. Hata lile doa jekundu kwenye picha ni hesabu iliyopakwa rangi: limewekwa na mtafiti kuonyesha kwamba mahali hapo tofauti kati ya hali mbili, au kati ya makundi mawili, imevuka kiwango alichokipanga yeye mwenyewe.

Hadithi ya umbo la ubongo katika sonona inaanzia hasa kwenye hipokampasi, kipande kilichojikunja ndani ya kila upande wa ubongo, usawa wa sikio, chenye kazi kubwa katika kumbukumbu. Mwaka 1996 Yvette Sheline na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walichapisha vipimo vya wanawake 10 waliowahi kuugua sonona mara kwa mara wakapona, wakawalinganisha na wanawake 10 wa umri uleule wasiowahi kuugua. Hipokampasi za kundi la kwanza zilikuwa ndogo, na kadiri mwanamke alivyokuwa ameishi na sonona kwa muda mrefu, ndivyo yake ilivyozidi kuwa ndogo. Habari hiyo ilikamilisha nadharia iliyokuwa imeanzia kwa wanyama wa maabara. Homoni ya kortisoli, inayopanda mtu akiwa na msongo, ina vipokezi vingi sana katika hipokampasi, na ikikaa juu kwa muda mrefu huiumiza. Mlolongo ukaonekana umekamilika: msongo huleta kortisoli, kortisoli husinyaza hipokampasi, hipokampasi ikisinyaa breki za kortisoli hulegea, na mzunguko unaendelea. Mwaka 2003 kundi lilelile la St. Louis likaongeza kwamba siku za kuugua bila dawa ndizo zilizoendana na upungufu, siku za kuugua huku mtu akitumia dawa hazikuendana nao.

Nadharia hii ilipendwa kwa sababu nzuri na mbaya. Nzuri, ilikuwa na hoja ya kibaiolojia na iliwapa wagonjwa sababu ya kutochelewa matibabu. Mbaya, ilitegemea makundi madogo mno. Mwaka 2004 tafiti zilizokuwapo zilipojumlishwa pamoja, upungufu wa hipokampasi kwa wagonjwa ulikadiriwa kuwa takriban asilimia 8 upande wa kushoto na 10 upande wa kulia. Hizo ni tarakimu kubwa, za kumfanya mtu adhani hata macho matupu yataziona.

Kisha ukaja mradi wa ENIGMA, muungano wa maabara za nchi nyingi waliokubaliana kuchakata picha zao kwa njia moja na kuziweka kapu moja. Ripoti yao ya kwanza kuhusu sonona, iliyoongozwa na Lianne Schmaal, ilikuwa na wagonjwa 1,728 na watu wasio wagonjwa 7,199. Hipokampasi ilikutwa ndogo kweli; katika sehemu zote za ndani zilizopimwa, ndiyo iliyotoa tofauti ya uhakika zaidi. Lakini ile asilimia 8 au 10 ilikuwa imebaki kama 1.2. Na hata hiyo ilitoka hasa kwa watu waliougua zaidi ya mara moja, na kwa wale ambao ugonjwa uliwaanza kabla ya kutimiza miaka 21 au wakiwa na umri huo. Waliokuwa wakiugua kwa mara ya kwanza hawakutofautiana waziwazi na wazima.

Tukae kidogo kwenye tarakimu hii, maana ndiyo kiini cha suala zima. Watu wazima wa afya njema nao hawalingani hipokampasi. Hutofautiana wao kwa wao kwa kiasi kinachoumeza upungufu wa asilimia 1.2 mara nyingi. Ukimchukua mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiye mgonjwa bila kuchagua, ukaambiwa utaje mwenye sonona kwa kumtazama nani ana hipokampasi ndogo, utapatia mara 54 hivi katika kila 100. Sarafu ingekupa 50. Ni kama kuambiwa kwamba wanaume wa kijiji kimoja wamewazidi wa kijiji jirani kwa sentimita moja kwa wastani, kisha aletwe mwanaume mmoja uulizwe katoka kijiji gani. Sentimita ile ipo, imepimwa, hakuna anayeipinga. Haimsaidii mtu kutambua nani katoka wapi.

Kwa nini tarakimu za mwanzo zilikuwa kubwa hivyo? Hakuna aliyedanganya. Ukipima watu 20, bahati peke yake inaweza kukuletea tofauti kubwa, au ndogo, au hata ya kinyume. Majarida yalipokea zile kubwa, zile ndogo zikabaki kwenye droo za watafiti. Jumlisha zilizochapishwa na utapata wastani wa waliobahatika.

Na bado kuna swali la kipi kilitangulia. Mtoto aliyezaliwa na hipokampasi ndogo, au aliyelelewa katika ukatili, anaweza kukua akiwa rahisi kushikwa na sonona. Hapo udogo ni wa kabla ya ugonjwa. Matokeo ya ENIGMA kuhusu walioanza kuugua wakiwa wadogo yanaruhusu tafsiri hiyo, kama yanavyoruhusu ile ya kwamba ugonjwa wa muda mrefu ndio unaokula. Uchunguzi wa ubongo wa marehemu nao uliwashangaza wengi. Mwaka 2004 Craig Stockmeier na wenzake waliripoti kwamba katika hipokampasi za watu waliokuwa na sonona seli za neva zilikuwa zimebanana zaidi, dalili kwamba kilichopungua ni matawi na tishu zilizo katikati yake. Miaka michache kabla, katika sehemu nyingine ya mbele ya ubongo, Dost Öngür alikuta upungufu katika seli tegemezi zinazozilisha na kuzihudumia zile za neva. Kwa hiyo picha ya ubongo unaokufa polepole, ambayo baadhi ya vyombo vya habari huipenda, haina mashiko. Tiba ya mshtuko wa umeme, kwa mfano, huongeza ujazo wa hipokampasi ndani ya wiki chache tu, lakini walioongezeka zaidi si lazima wawe ndio waliopata nafuu zaidi. Mimi naona matokeo hayo ya mwisho ndiyo yanayopaswa kumtia mtu adabu: umbo limerudi, mgonjwa huenda hajarudi.

Tabaka la nje la ubongo halitatuchelewesha. ENIGMA walilipima mwaka 2017 na kukuta kwamba kwa watu wazima wenye sonona ni jembamba kidogo juu ya macho, katika singuleti, yaani mkunjo unaopita katikati ya nusu mbili za ubongo, na katika insula iliyojificha pembeni. Tofauti zilikuwa ndogo kama ile ya hipokampasi, nyingine ndogo zaidi.

Upande wa utendaji una mvuto mwingine, kwa sababu hapo mtu anapimwa akiwa anafikiri na kuhisi. Mshiriki hulala chali ndani ya mtungi wa sumaku, kichwa kimebanwa kwa sponji asitikisike, masikio yamezibwa kwa sababu mashine hugonga mfululizo. Juu ya macho kuna kioo, na katika kioo hicho anaoneshwa nyuso. Katika jaribio la Sheline la mwaka 2001 uso wenye hofu ulipita kwa muda mfupi mno, kisha ukafunikwa papo hapo na uso wa kawaida, hivi kwamba mtazamaji hakujua kama ameona hofu. Amigdala yake ilijua. Kipande hicho kidogo, chenye kazi ya kushtuka kabla hatujajua tunashtushwa na nini, kilikuwa na mwitikio mkubwa zaidi kwa wagonjwa upande wa kushoto, na baada ya wiki kadhaa za dawa mwitikio ukashuka. Mwaka uliofuata Greg Siegle alitumia maneno ya huzuni badala ya nyuso. Kwa watu wasio wagonjwa amigdala ilitulia ndani ya sekunde 10 hivi. Kwa wenye sonona iliendelea hadi sekunde 25, wakati wameshapewa kazi nyingine isiyohusiana kabisa na neno lile. Yeyote aliyekaa na mgonjwa wa sonona, au aliyewahi kuwa mgonjwa mwenyewe, anaitambua tabia hiyo ya neno moja baya kugoma kuondoka. Washiriki walikuwa wachache sana, ni kweli, lakini jaribio lenyewe lilibuniwa kwa akili.

Sehemu iliyoleta mjadala mkali zaidi iko chini kabisa mbele ya singuleti. Wanaanatomia waliipa namba miaka mingi iliyopita: eneo la 25. Mwaka 1997 Wayne Drevets alitangaza kwamba kwa wagonjwa eneo hilo, upande wa kushoto, lilikuwa dogo na linatumia sukari kidogo. Helen Mayberg akapata kinyume: eneo la 25 linafanya kazi kupita kiasi, na mgonjwa akipona linatulia. Wote wawili walikuwa wapimaji waangalifu. Suluhu ikapatikana kwenye hesabu. Tishu ikiwa imepungua, PET huisoma kana kwamba inatumia sukari kidogo, kumbe ni kwa sababu kilichobaki ni kidogo. Ukirekebisha kwa ujazo, kilichobaki kinafanya kazi zaidi ya kawaida. Wakati mwingine watu wawili wakibishana vikali juu ya picha moja, wanabishana juu ya kigawanyo.

Mayberg alilifuata eneo hilo kwa ukaidi wa mtu aliyekwisha kuona njia. Aliwaomba watu wasio wagonjwa wakumbuke tukio la huzuni maishani mwao, na damu ikaongezeka katika eneo la 25 huku ikipungua mbele na pembeni, sehemu zinazohusika na kupanga na kuzingatia. Kwa wagonjwa waliopona, mabadiliko yalikwenda upande wa pili. Mwaka 2002 alionyesha kwamba waliopata nafuu kwa dawa ya fluoxetine na waliopata nafuu kwa kidonge kitupu walifanana kwa sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Wengine walicheka kwamba basi dawa ni bure. Mimi nasoma kitu kingine: kupona, kwa njia yoyote, kuna alama yake katika ubongo.

Baadaye macho yalihama kutoka sehemu mojamoja kwenda kwenye mitandao. Mwaka 2001 Marcus Raichle alieleza kwamba mtu asipopewa kazi yoyote, ubongo haupumziki. Kuna mtandao maalumu unaoamka, na shughuli yake kubwa ni kujifikiria, kukumbuka na kujikadiria. Ukisikia hivyo unaona sonona moja kwa moja, ule mzunguko wa kujilaumu usiokoma. Mwaka 2007 Michael Greicius akaripoti kwamba kwa wagonjwa eneo la 25 limefungamana kupita kiasi na mtandao huo. Ikawa hadithi ya vitabuni kwa miaka kumi na zaidi. Halafu mwaka 2019 watafiti wa China wakaunganisha picha za wagonjwa 1,300 na wazima 1,128 kutoka vikundi 25, wakakuta mawasiliano ndani ya mtandao huo yamepungua kwa watu walioshikwa na sonona mara kwa mara, na upungufu ulihusiana na kutumia dawa. Kinyume kabisa cha vitabu.

Kufikia hapo wenye macho walikuwa wameshaanza kutilia shaka. Mwaka 2017 Veronika Müller na wenzake walikusanya majaribio 99 ya utendaji wa ubongo katika sonona, wakauliza swali rahisi: je, yanaelekeza mahali pamoja? Jibu lilikuwa hapana. Kwa mkusanyiko mzima hapakuwa na hata sehemu moja iliyojirudia kwa uhakika. Miaka mitano baadaye Nils Winter na kundi lake la Ujerumani wakawachukua watu 1,809, karibu nusu yao wagonjwa, wakawapima kwa MRI ya umbo, ya nyuzi na ya utendaji. Kwa kila kipimo, wagonjwa na wazima walifunikana kwa kati ya asilimia 87 na 95. Yaani makundi mawili yamelaliana karibu yote. Walipojaribu kumtambua mgonjwa kwa kipimo kimoja kilichotofautiana zaidi, walipatia kati ya asilimia 54 na 56. Wakarudi mwaka 2024 na kompyuta zilizofunzwa kwa mamilioni ya miundo ya hesabu. Iliyofanya vizuri zaidi ilifika asilimia 62.

Sehemu ya lawama ni ya mbinu zenyewe. Picha moja ya utendaji ina vipande vidogo makumi ya maelfu, na ukikifanyia hesabu kila kipande bila kujihadhari, vichache vitajitokeza kwa bahati. Craig Bennett alilithibitisha hilo kwa kumweka samaki mfu aina ya samoni ndani ya mashine, akamwonesha picha za watu, kisha akapata shughuli katika ubongo wa samaki huyo. Alipoweka marekebisho yanayotakiwa, shughuli ikatoweka. Alipewa tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012, na alistahili zaidi ya hiyo. Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data ileile ya MRI zijibu maswali yaleyale. Hakuna timu mbili zilizofuata njia moja ya uchakataji, na kwa baadhi ya maswali majibu yaligawanyika vibaya.

Ila nadhani lawama kubwa iko mahali pengine: kwenye neno lenyewe sonona kama madaktari wanavyolitumia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka dalili tano kati ya tisa, na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu. Fanya hesabu na utapata michanganyiko 227 inayokubalika. Mtu mmoja halali, hali, amekonda, anatembea huku na huko. Mwingine analala saa 14, anakula bila kushiba, hana nguvu ya kunyanyua mguu. Wote wana sonona, na inawezekana dalili wanayoshirikiana ni moja tu. Kuwaweka watu hao fungu moja na kutafuta wastani wa ubongo wao ni kutafuta kitu ambacho huenda hakipo.

Ndiyo maana wengine wakaamua kugawanya mafungu. Mwaka 2017 Andrew Drysdale na wenzake walitumia picha za watu zaidi ya elfu moja, wakadai kuna aina nne za sonona zinazotambulika kwa mawasiliano ya ubongo. Ilipokelewa kwa shangwe. Kundi la Uholanzi lilipojaribu njia hiyohiyo kwa wagonjwa wengine, halikupata ushahidi thabiti wa mafungu hayo. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walikuja na mafungu sita, safari hii wakiwa wameamua mapema ni mizunguko gani ya ubongo watakayoitazama badala ya kuiachia kompyuta iwinde. Nina imani zaidi na njia hii, ingawa fungu si fungu mpaka maabara nyingine ilipate.

Lakini utafiti ulionivutia kuliko zote za miaka hii ni wa Charles Lynch na wenzake, uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2024. Walianza na wagonjwa sita tu, wakawapima tena na tena, saa nyingi kwa kila mtu, mpaka wakaweza kuchora ramani ya ubongo wa kila mmoja peke yake bila kumchanganya na wenzake. Wakakuta kwamba ule mtandao unaoamua kipi kistahili kuzingatiwa, kipi kinauma na kipi kinapendeza, umetanda karibu mara mbili ya kawaida juu ya gamba la ubongo. Kisha wakaenda kwenye data za watu wengi zaidi na kukuta hivyohivyo tena. Utando huo haukupungua mtu alipopata nafuu, na ulionekana hata kwa watoto waliokuja kuugua baadaye. Kwa maneno mengine, huenda ni dalili ya mtu aliye hatarini, na si alama ya huzuni ya leo. Jambo hilo lilikuwa limefichwa na wastani: mipaka ya mitandao haiko mahali pamoja kwa kila mtu, na ukiwawekea watu mia ramani zao juu kwa juu, mipaka hufutika.

Katika tiba, picha imeshaanza kulipa gharama zake, japo kwa kusitasita. Tiba ya mipigo ya sumaku juu ya fuvu ilikuwa ikielekezwa kwa rula: daktari anatafuta sehemu inayotikisa kidole gumba, anapima sentimita tano kwenda mbele, anaweka koili. Mwaka 2012 Michael Fox alionyesha kwamba wanaonufaika zaidi ni wale ambao koili imeangukia sehemu yenye uhusiano wa kinyume na eneo la 25: moja ikipanda nyingine inashuka. Stanford wakajenga tiba juu ya wazo hilo, vipindi kumi kwa siku kwa siku tano, kila mgonjwa akilengwa kwa picha yake mwenyewe. Katika jaribio la watu 29, karibu asilimia 79 ya waliopata tiba halisi waliondokewa na dalili kwa kipindi fulani ndani ya wiki nne, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata tiba ya kuigiza. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikaiidhinisha mwaka 2022. Kabla ya kushangilia, tuutazame utafiti wa Uingereza wa 2024, wagonjwa 255: waliolengwa kwa picha ya mawasiliano hawakuwashinda waliolengwa kwa picha ya umbo peke yake. Makundi yote mawili yalipata nafuu.

Mayberg alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 aliripoti kwamba, akiwa Toronto na daktari wa upasuaji Andres Lozano, waliingiza nyaya nyembamba hadi kwenye eneo la 25 la wagonjwa sita waliokuwa wameshindikana kwa dawa zote. Wagonjwa walikuwa macho mezani. Mkondo wa umeme ulipowashwa, baadhi walisema palepale kwamba kuna uzito umeondoka na chumba kinaonekana vizuri zaidi. Wanne kati ya sita walikuwa bado na nafuu baada ya miezi sita. Jaribio kubwa lililofuata, la watu 90, lilisimamishwa: baada ya miezi sita waliowashiwa umeme walionufaika walikuwa asilimia 20, na waliowekewa bila kuwashiwa 17. Ajabu ni kwamba wagonjwa walewale walipofuatiliwa kwa miaka miwili, umeme ukiwa umewashwa kwa wote, karibu nusu walikuwa na nafuu. Mwaka 2023 kundi la Mayberg likatumia nyaya zinazosikiliza pamoja na kuchochea, kwa wagonjwa kumi. Kompyuta ilijifunza kutofautisha ishara za ubongo wa mgonjwa alipokuwa mahututi na ishara za ubongo huohuo alipopona. Kwa mmoja wao ishara zilianza kurudi kwenye hali ya ugonjwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya yeye au daktari wake kugundua kwamba anaanguka tena. Hapo hakuna wastani wa kundi. Mtu amelinganishwa na yeye mwenyewe wa jana.

Saa nyingi ndani ya MRI ya tesla 3, sembuse nyaya kichwani, haviko karibu na kliniki za Afrika Mashariki. Hata data zinazojadiliwa hapa zimetoka zaidi Ulaya, Amerika Kaskazini, Australia na China. Mashine zenyewe zinaanza kushuka bei. Mwaka 2022 wahandisi wa chuo kikuu cha Mbarara, Uganda, wakiwa na Johnes Obungoloch, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunganisha palepale chuoni MRI ya sumaku ndogo, kama tesla 0.05. Imelengwa kwa watoto wenye kichwa maji, na kwa maji yaliyojaa kichwani inatosha. Kuipa kazi ya kutafuta asilimia 1.2 ya hipokampasi itakuwa kuionea.

Kinachobaki kliniki ni karatasi ya maswali tisa, PHQ-9, iliyokwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na kupimwa uhalali wake Kenya na Tanzania. Inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai, mawazo ya kujidhuru. Ikijazwa mara moja ina makosa yake. Ikijazwa tena kila mgonjwa anaporudi, inafanya kile ambacho watafiti wa picha wamekifikia kwa taabu: inamlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, iliyoendeshwa na wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili. Walipima kwa maswali tu, kabla na baada ya wiki 16. Katika vijiji vilivyopata tiba, waliokidhi vigezo vya sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5; katika vijiji visivyopata, kutoka 94 hadi 54.7.